Sukari ya Wapiga Jembe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwetu Munanila, mama alikuwa ananunua chumvi na mafuta ya taa. Basi. Kitenge kikichakaa sana, anangoja hela ya kahawa. Kulima hatukumlipa mtu. Mama anapika pombe ya ndizi zetu wenyewe, majirani wanakuja na majembe, wanalima huku wanaimba, jioni wanakunywa, wanarudi kwao.

Halafu majirani wakaokoka, karibu kilima kizima. Siwacheki. Lakini aliyeokoka hagusi pombe, na kiu ya jembe bado anayo. Wakaanza kutaka chai. Tena ya sukari.

Mwaka ule baba alishafariki, mvua zimekaribia, na shamba la maharage bado majani matupu. Hela ya kahawa mama alikuwa ameiweka ya kununulia blanketi. Kule kwetu baridi haina utani, na kifua chake kilikuwa kibovu.

"Mama, nunua blanketi," nikamwambia. "Shamba nitalima mimi."

"Utalima kwa mdomo huo?"

Akadandia lori la kahawa mpaka Kasulu. Sukari ilikuwa imeadimika, kapanga foleni mpaka miguu ikavimba. Akarudi nayo. Blanketi hakuna.

Majirani wakaja, wakalima kweli, siwezi kuwasingizia. Mchana mama akawapelekea chai. Mzee mmoja wa jirani, ambaye enzi za pombe alikuwa anabebwa kurudishwa kwake, akaonja, akakunja uso.

"Shemeji, humu sukari imepita kusalimia tu?"

Wakacheka wote. Damu ikanipanda.

"Mzee, ulipokuwa unalala kwenye mtaro wetu, ulikuwa unachagua ladha?"

"Kaa chini wewe!" Mama hata hakunitazama. Akachukua sukari yote iliyobaki, akaimimina kwenye sufuria, akakoroga. "Kunyweni, shemeji. Mvua hainisubiri."

Wakamaliza shamba kabla jua halijazama. Mama akalala na kitenge chake kilekile, anakohoa, na mimi upande wa pili nasikia kila kikohozi.

Maharage yalikubali. Tulipovuna, nikajaza debe la kwenda kuuza, nikamwambia sasa blanketi hilo, mama.

"Mahindi yatalimwa na nani?" akasema. "Na safari hii wameniambia wanataka na maandazi."

Nikajikuta nimechoka hata kukasirika. Nikajitwisha debe, tukaenda kungoja lori.