Ilikuwa Nati, Haikuwa Jicho la Mama Mdogo

Nilikosa. Naanza hapo, ili mtu asije akasema nimezunguka. Nilikosa, lakini kosa langu si lile watu wa kwetu Seme wanalonilaumia mpaka leo. Wao wanasema nilikosa kwa kusema. Mimi nasema nilikosa kwa kunyamaza! Sasa kaa hapo nikueleze, halafu utaamua mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kujifanyia. Miaka ile ya themanini nilikuwa karani mjini Kisumu, nimepanga nyumba Nyamasaria, nikanunua staisheni wagoni kuukuu kwa Mhindi mmoja wa Milimani. Lilikuwa gari zuri, ila lilivuta kushoto kama ng'ombe aliyeona nyasi, na tairi za mbele zilikuwa zinalika upande mmoja. Kila mtu akaniambia, "Bwana, hiyo ni alaimenti, peleka gereji." Nikakataa. Kwa nini nimpe mtu kazi ambayo macho yangu mwenyewe yanaiona?

Na nilikuwa naijua, usinicheke! Nyuma ya nyumba kulikuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi, imelala sawa kabisa. Naweka gari pale, nanyoosha usukani, naufunga kwa kamba usicheze. Navuta uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, kando ya gari toka nyuma mpaka mbele, huku na huku. Halafu napima kwa rula toka kwenye uzi mpaka kwenye rimu, upande wake wa mbele na upande wake wa nyuma. Magurudumu ya mbele yanatakiwa yaelekeane kidogo, kidogo tu.

Kama hayako sawa unaingia chini, unalegeza nati inayoshika tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu likate kona. Unaizungusha kidogo, unasukuma gari mbele na nyuma litulie, unapima tena. Ukiridhika unakaza nati. Kazi haijaisha mpaka umekaza nati!

Siku hiyo nilitakiwa niende nyumbani nimchukue Mzee, baba yangu, nimpeleke hospitali Kombewa akaangaliwe kifua. Nikaamka mapema nipige alaimenti kwanza. Nati ya kulia niliikaza vizuri. Ya kushoto niliizungusha kwa vidole tu, nikasema nitatoka nichukue spana kubwa nimalize.

Nikiwa bado chini ya gari mke wangu akaita, "Baba, chai inapoa! Na Mzee anakungoja!" Nikatoka, nikanawa, nikanywa chai, nikavaa shati safi, nikaondoka. Spana kubwa ilibaki pale pale ilipokuwa.

Na gari lilikwenda sawa! Halikuvuta hata kidogo. Kwenye lami nilikuwa naachilia usukani nione kama litahama, halihami, natabasamu peke yangu kama mjinga. Nikasema, hao wa gereji waje wajifunze.

Kwetu kuna nyumba mbili. Mama yangu ni mke wa kwanza. Wa pili mimi namwita Mama Mdogo. Mama Mdogo hakujaliwa mtoto, na mwanamke asiye na mtoto kwetu huwa anaangaliwa kwa pembeni, hata akiwa ndiye aliyekubeba mgongoni mama yako akiwa mgonjwa. Mimi alinibeba.

Nilipofika alitoka kwake, akazunguka gari, akapapasa boneti. Akasema, "Nyathina, mwanangu, gari zuri namna hii! Linang'aa mpaka naona uso wangu." Ni hayo tu aliyosema. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, akasikia.

Sasa sisi tuna neno, sihoho. Ni jicho baya. Mwenye jicho hilo akitazama chakula chako tumbo linakukata, na siku hizi watu wanalitwika kila lawama, hata ya gari. Ukituuliza tutakuambia hatuamini, sisi ni watu wa kanisa. Ngoja kitu kiharibike!

Hatukufika Kombewa. Kwenye barabara ya murram usukani ukawa mwepesi ghafla, gurudumu la kushoto likageukia nje, gari likaingia mtaroni na kulala ubavu. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Mzee alivunjika nyonga. Hakutembea tena bila kushikwa, yeye aliyekuwa akipeleka ng'ombe wake mwenyewe ziwani kunywa maji.

Tulimtoa, tukamlaza kwenye nyasi, mtu akakimbia kutafuta gari. Mimi nikarudi kutazama. Gari limelala, tumbo lake lote liko wazi. Tairodi ya kushoto imechomoka, na nati iko mwisho kabisa wa meno ya fimbo, inaning'inia. Haki ya Mungu, nilielewa pale pale, na Mzee bado analia nyuma yangu! Nikaizungusha, ikatoka, nikaitia mfukoni.

Mama yangu alifika akipiga nduru. Kabla hajamgusa mumewe alikuwa ameshasema. "Nilimwona! Nilimwona akilipapasa lile gari kwa mikono yake! Akalisifu!"

Baba mdogo wangu, ndugu yake Mzee, akanigeukia. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Gari lilikuwa na shida yoyote?"

Nikasema, "Hapana. Gari lilikuwa sawa. Nimelitengeneza leo asubuhi mwenyewe."

Yawa! Hilo ndilo kosa langu. Kusahau nati ni kusahau, binadamu husahau. Lakini nilisimama pale, na akili yangu timamu, nikamkabidhi mama aliyenibeba mgongoni kwa watu waliokuwa wakingoja tu jina. Na kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimejisifu Nyamasaria nzima kwamba najua alaimenti! Niliona aibu kwa majirani kuliko kumwonea mama huruma.

Hawakumpiga. Hakuna aliyemgusa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyemgusa kabisa. Watoto waliambiwa wasipite kwake. Akipika, chakula kinarudi. Sokoni omena zake zilikauka mara ya pili hakuna wa kununua. Mwishowe alijitwika kikapu chake akarudi kwa kaka yake, mwanamke mzima aliyeolewa kwa ng'ombe, akaishi huko kama mgeni. Mimi nilikuwa napeleka sukari kwa siri. Sukari! Najua. Cheka tu.

Mzee akafa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kwa kifua kile kile. Mama Mdogo akaja kumlilia mumewe, kama inavyompasa. Akawasha moto nyuma ya nyumba yake iliyoanza kubomoka, akapikia waombolezaji samaki na kuon, ugali wetu. Watu wakapita mbele ya moto wake wakaenda kula kwa mama yangu. Sufuria zake zilibaki zimejaa. Nilimwona amekaa kwenye kigoda karibu nazo, anafukuza nzi, anatazama wanaopita.

Hapo nikasema imetosha.

Kwetu mazishini kila mtu hupewa maikrofoni, na mimi ni kifungua mimba. Zamu yangu ilipofika walingoja nimsifu Mzee. Nikatoa nati mfukoni, ile ile ya mtaroni, nikainua juu. Nikasema, "Mzee hakuangushwa na jicho la mtu. Aliangushwa na mimi. Hii nati sikuikaza. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza, na Mama Mdogo amebeba mzigo wangu miaka yote hii!"

Unafikiri walifanya nini? Unafikiri walimkimbilia wakamwomba msamaha? Baba mdogo akapiga kelele, "Msiba umemchanganya huyu! Zimeni spika!" Wakaizima. Nikaendelea kwa koo langu. Mtu nyuma akasema, "Amekula kwa yule mwanamke, amelishwa uchawi, ndiyo maana!" Na mama yangu mzazi, mbele ya jeneza, akaniambia, "Umenivua nguo." Mpaka leo hanisemeshi.

Basi nilijifunza kitu. Watu walikuwa hawahitaji ukweli wangu hata kidogo. Siku ile ya mtaro uongo wangu ulikuwa wa neno moja, na wao wakaujengea nyumba wakahamia. Sasa nataka kuwatoa, wananiita mwendawazimu. Na waniite! Nitasema kanisani, nitasema sokoni, nimesema gazetini leo. Ilikuwa nati! Nati, nati, nati!

Na nikuambie jingine, ili ujue sijanyong'onyea. Alaimenti bado napiga mwenyewe. Gari nalileta nyumbani, naliweka mbele ya mlango wa Mama Mdogo, navuta uzi wangu mchana kweupe, na ninakaza kila nati mara mbili huku nikiita wapita njia waje waone. Ameshakuja kukaa tena, paa nimemwezekea upya. Nikimaliza nanawa, naingia kwake, nakula samaki wake mpaka mifupa. Anayetaka kuhesabu ni siku gani nitakufa, ahesabu.

Usidhani amenisamehe. Jioni ya mazishi nilikwenda kwake, nikapiga magoti. Nilifikiri atalia, au atanikumbatia, kama watu wanavyosimulia kanisani. Akaniuliza jambo moja tu.

"Siku ile ile ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, Mama."

Akakoroga majivu kwa kijiti. Kisha akasema, polepole, bila hasira yoyote, "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza ni nani aliyeniroga. Kumbe ni wewe."

Akanipakulia chakula nikala.

Kwa hiyo wewe unayesoma hii, kama kuna mtu mahali fulani amebebeshwa kosa lako, nawe umekaa kimya unajiita mtu wa amani, toka! Toka leo, kabla hawajazoea. Ukingoja kama nilivyongoja mimi, siku utakayosema hawatakuamini, na yule mmoja atakayekuamini ndiye uliyemwua angali hai.