Bata Aliyesema kwa Sauti ya Bwana Kesho

Harufu ya mablanketi ya sufu yaliyopigwa na jua ndiyo iliyotupokea mlangoni. Kila Jumapili ya sinema, baada ya chakula cha mchana, mapadri wa misheni walifunika madirisha ya darasa kubwa kwa mablanketi ili giza lipatikane mchana kweupe, na sisi watoto wa mtaa wa Kilibula tukajaa humo ndani, tumebanana sakafuni, jasho likitutiririka, huku mama zetu wakijipepea kwa ncha za vitenge kwenye mabenchi ya nyuma. Kisha mashine ikawashwa, na harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa ikaja juu ya ile ya mablanketi, na chini ya zote mbili ikabaki ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu mjini kwetu Uvira wakati ule hapakuwa na nguo isiyonukia ndagala, hata ile ya kwendea misa. Joto lilikuwa la kuua mtu. Hakuna aliyetoka.

Tuliyoifuata ilikuwa sinema ya picha za kuchorwa, zile ambazo wajukuu wangu wanaziita katuni. Sisi hatukuwa na jina lake. Tulisema tu, twende kwa bata. Bata mwenyewe alikuwa mnene, amevaa kofia, anatembea kifua mbele na mikono nyuma, ndiyo, mikono, maana mchoraji alimpa mabawa yenye vidole. Kazi yake ilikuwa kuwaamrisha kuku wa uwanja mzima: simameni hapa, pangeni foleni pale, nani amewaruhusu kunywa maji. Kifaranga mmoja alikuwa akimpita chini ya miguu, na kila mara bata alipomkimbiza aliishia kutumbukia kwenye dimbwi lile lile. Filamu ilikuwa moja, labda mbili, na tulizitazama mpaka tukajua kila tone la maji. Bado tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Filamu ilisema Kifaransa, na Kifaransa tulikuwa nacho wachache. Kwa hiyo padri alikata sauti ya mashine na kumwita baba yangu. Baba alikuwa fundi wa kushona nguo, mwenye cherehani moja chini ya baraza letu, na alikuwa amesoma kwa mapadri mpaka akakaribia kuwa mwalimu. Alisimama kando ya shuka jeupe, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, na kuwasemea wanyama wote. Kuku walisema kama mama zetu wakiwa sokoni. Kifaranga alisema kama mimi, na hilo lilinipa kichwa kikubwa mbele ya wenzangu. Ila bata, bata alikuwa kazi maalumu. Baba alikohoa mara tatu, taratibu, akavuta pumzi puani, akasema kwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba: "Leo niko na kazi mingi. Rudini kesho." Hapo mabenchi ya nyuma yalilipuka. Mama alilia kwa kicheko, akajifuta machozi kwa kitenge. Mama Nyota, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, aliyekuwa akiuza ndagala barabarani na ambaye mama hakuweza kula bila kumwita, alicheka kwa kelele mpaka padri akageuka kutazama kama kuna mtu ameanguka.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na jambo hilo lilinisumbua sana. Sisi tulicheka bata alipoanguka majini. Wao walicheka kabla hajaanguka, alipokuwa amesimama tu anaongea. Wanacheka nini? Nilimuuliza mama, akaniambia nikue kwanza. Nilikuja kuelewa baadaye, kwa uchungu. Uhuru ulikuwa umefika, wazungu wa ofisi walikuwa wameondoka, na kiti cha mmoja wao kilikaliwa na karani wa zamani ambaye watu walimbatiza Bwana Kesho. Ukienda kutafuta karatasi yoyote kwake, alikohoa mara tatu, akavuta pumzi puani, akakuambia urudi kesho. Watu walitembea kwa miguu kutoka Kamanyola, mbali huko kaskazini, wakarudishwa kesho. Hakuna aliyethubutu kumjibu pale ofisini. Jumapili, gizani, kwenye joto la mablanketi, walimwona amevaa manyoya, akiamrisha kuku na kutumbukia dimbwini, na roho zao zikatulia kwa wiki nzima.

Bwana Kesho hakujua. Mji mzima ulijua, yeye hakujua, kwa sababu alikuwa mtu mkubwa na watu wakubwa hawaendi kutazama bata. Mambo ya watoto, alisema, na dharau hiyo ndiyo iliyomlinda baba miaka yote ile. Baba naye hakuwa mpumbavu. Alinikalisha siku moja kwenye kigoda chake, akaniinamia, akaniambia bata ni wa ndani ya misheni tu, nisimcheze nje hata siku moja, hata kwa marafiki zangu. Nikaapa. Nilikuwa nikimcheza kila siku mtoni.

Ukaja mwaka wa sitini na nne, na waasi wakauteka mji. Wengi wao walikuwa vijana, wengine hata ndevu hawakuwa nazo, wamefunga majani vichwani na kupakwa dawa wasipigwe na risasi. Tuliambiwa kwamba waliosoma na waliofanya kazi za serikali wanachukuliwa. Makarani walijificha milimani. Bwana Kesho hakujificha. Aligeuka siku ile ile. Tulimwona ameketi mbele katika gari la waasi, jani kubwa kwenye kofia, anapiga kelele kuliko vijana wenyewe, kama mtu anayeogopa asije akakumbukwa alikuwa nani. Sinema ilikwisha. Mablanketi ya misheni waliyachukua wapiganaji, wakalalia.

Siku moja nilikuwa natoka mto Mulongwe na ndoo yangu ya maji. Gari lao lilikuwa limesimama kando ya barabara, na vijana kama sita wamekaa chini wanatafuna miwa, wamechoka na uvivu. Mmoja akaniita. "Weye katoto, tuimbie kidogo, tutakupa muwa." Sikuogopa. Walikuwa sawa na kaka wa wenzangu. Nikasema sijui kuimba, lakini najua bata. Nikatua ndoo, nikatoa kifua, nikaweka mikono nyuma, nikakohoa mara tatu. Loo, walivyocheka! Walipiga makofi kwenye mapaja, wakaniomba tena, nikarudia, nikaongeza na kuanguka dimbwini mpaka gauni likajaa vumbi. Nilipoinuka, kicheko kilikuwa kimekatika. Bwana Kesho alikuwa amesimama nyuma yao.

Hakukasirika. Laiti angekasirika, labda ningekimbia. Alichuchumaa mbele yangu, akanipangusa vumbi begani kwa vidole viwili, akasema ninacheza vizuri sana, ni nani amenifundisha? Nami, kwa majivuno ya mtoto ambaye baba yake ana kipaji, nikamjibu kwa sauti ili na wale vijana wasikie: "Ni baba. Ni baba ndiye anamusemesha bata ku sinema." Akaitikia kwa kichwa polepole. Akanipa muwa wangu. Nikarudi nyumbani nautafuna, furaha tele.

Jioni, kabla jua halijazama, Mama Nyota aliingia uani kwetu bila hata kubisha hodi. Alikuwa anahema. Aliwaambia baba na mama kwamba amesikia neno baya barabarani, kwamba Baba Sifa, maana Sifa ni mimi, aondoke leo hii, avuke ziwa aende ng'ambo, asilale hapa. Mama akauliza neno gani, limesemwa na nani? Mama Nyota akanitazama mimi, kisha akautazama mwiko mkubwa wa ugali mkononi mwa mama, akasema tu, "Minye nimesikia. Aondoke." Baba akaweka mkasi chini. Alikuwa na suruali mbili za watu kwenye cherehani. Alifikiri, kisha akaniita, akanishika mabega yote mawili. "Sifa, mwanangu. Kuna mtu yeyote umemchezea bata?"

Ninaandika haya nikiwa bibi wa watu, na mkono bado unakuwa mzito. Alikuwa ananiuliza kwa upole. Hakuwa na fimbo, hakuwa na hasira. Lakini nilikuwa nimevunja kiapo, na niliogopa kuona uso wake ukibadilika, hilo tu, uso wake. Nikasema, "Hapana, baba." Akaniamini. Alimgeukia mama akasema unaona, hawana neno na mimi, mimi ni fundi tu, hata wao wanahitaji suruali. Mama Nyota, aliyekuwa bado mlangoni, akajifunga kitenge upya, akaenda zake.

Walikuja asubuhi, wanne. Walisema ana maneno kidogo ya kujibu, atarudi. Baba aliondoka na utepe wake shingoni. Watu walisema aliwekwa garini wakaelekea upande wa Kamanyola, na tangu hapo hatukupata hata kiatu chake. Mama alingoja mwaka, akangoja wa pili. Halafu akaanza kuhesabu mambo, na hesabu yake ilimpeleka mahali pamoja. Mama Nyota alijuaje? Aliwauzia waasi ndagala, alizungumza nao, akaja kutuonya kabla halijatokea. Mtu anajua moto unakuja kama si yeye aliyeuwasha? Siku mama alipolitamka hilo mbele ya majirani, Mama Nyota alikuwa amesimama upande wake wa ua. Mama akachukua kunyamaza kwake kuwa ni kukiri, na mlango kati ya nyumba zetu ukafungwa kwa miaka hamsini. Hata ilipokuja vita nyingine, tukakimbia sote kwa njia ile ile na watoto migongoni, mama alikataa maji ya Mama Nyota, akanywa ya mtaroni. Na mimi? Mimi nilikuwepo siku zote hizo. Nilikua, niliolewa, nilisomesha watoto wa wengine darasani nikiwaambia wasiseme uongo. Sikufungua mdomo.

Siku hizi katuni hazihitaji mtu wa kusimama kando ya shuka. Zinajisemea zenyewe, kwa Kifaransa kilichonyooka, na wajukuu wangu wanazijua kwa moyo kabla hawajajua kusoma. Ninaziangalia pamoja nao na sioni aibu. Nimegundua kwamba wanaozitengeneza wanafanya kwa makusudi kile alichofanya baba kwa mdomo wake: wanamwekea mtoto mnyama wa kuanguka, na ndani ya mnyama yule yule wanamwekea mtu mzima mkubwa wa kumtambua. Ndiyo maana familia nzima inaweza kukaa kwenye mkeka mmoja, kila mtu akacheka lake. Nikicheka na watoto wakaniuliza bibi unacheka nini, ninawaeleza. Siwaambii wakue kwanza. Sasa hakuna anayekuja asubuhi kwa sababu ya bata, au angalau mimi sijasikia, na ningependa kuamini kwamba hilo ni la kudumu. Lakini furaha ile ya mabenchi ya nyuma sijaiona tena. Hawa wanacheka wakiwa na simu mkononi. Wale walicheka kama watu wanaopumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mama alifariki miaka michache iliyopita, mzee, akiwa na akili zake zote na chuki yake yote. Siku ya pili ya kilio, nyumba ilikuwa imejaa, na watoto tuliwafungia chumba cha nyuma na televisheni ili watulie. Niliingia kuwatazama nikamkuta Mama Nyota amekaa kwenye mkeka katikati yao, fimbo yake ya kutembelea kando. Alikuwa hajakanyaga nyumba yetu tangu jioni ile. Kwenye kioo kulikuwa na kiboko aliyevaa tai anawaahidi vyura daraja, watoto wanacheka, na bibi yule amejiziba mdomo kwa kitenge asicheke msibani. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia kila kitu, haraka haraka, kama mtu anayetapika: muwa, vijana, bata, na ile hapana niliyomwambia baba.

"Nilikuona," akasema bila kuondoa macho kwenye kiboko. "Nilikuwa nyuma ya gari lao na kitunga changu. Nilisikia yote."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini alikubali mama amchukie miaka yote ile.

"Jioni ile nilikuja kusema. Nikakuona weye umesimama pale, mudogo hivi. Nikaogopa mama yako atakuumiza. Nikasema moyoni, baba yako iko na akili, ataondoka tu, kesho nitakuja kueleza vizuri." Akavuta kitenge chake. "Weye ulikuwa na miaka minane, Sifa. Minye nilikuwa mtu mzima. Nilikusikia unasema hapana, nikaenda kulala. Mama yako hakunionea."

Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti pale kwenye mkeka, watoto wakashangaa. Alikataa kuipokea. Alisema yeye pia ana mtu wa kumwomba, amekuwa akijiandaa miaka hamsini kuvuka ule ua, na mtu huyo tumemzika jana.