Mmea Usioweza Kuchemshwa

Kwenye mimea ya ndani mimi sidanganyiki. Sebule yangu hapa Kagongwa inaingia vumbi la malori mchana kutwa, nami huwa dukani tangu asubuhi hadi magharibi nikiwauzia wachimbaji mabuti na tochi. Mmea unaotaka kubembelezwa haunifai.

Baba alipofariki, nilimleta mama akae nami. Siku ya tatu tu akaniambia, "Jumapili narudi kijijini. Hapa nimekaa kama mgeni." Iliniuma sana, maana kule hakuna aliyebaki wa kumwangalia. Nyumba ilikuwa mpya na kuta tupu. Nikaona nikiweka kijani ndani, pengine atapaona ni kwake.

Muuza miche wa barabarani alinisifia mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo. Mzuri, ila nikisahau maji kidogo tu utanyong'onyea. Mshubiri nao haufi hata ukiutukana, lakini namjua mama: juma lisingeisha kabla hajaukata na kuuchemsha uwe dawa ya kuku. Nikachukua ule wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga, yenye michirizi ya njano pembeni. Hauhitaji maji kila siku, hauogopi vumbi, na hakuna mtu aliyewahi kuuchemsha. Niliuweka karibu na mlango nikajipongeza.

Ijumaa jioni nilirudi nikakuta chungu kimebaki na majani mawili. Mengine yalikuwa yamepondwa juu ya jiwe uani, nyuzi zimeanikwa, na mama yuko mkekani anasokota kamba pajani.

"Mama! Mmea wangu!"

"Mmea gani? Hii si katani yetu ya porini? Ya kwako imevaa pambo tu."

Nilifoka, sifichi. Kisha nikajionea aibu. Mimi binti wa wafugaji, niliyekua nikifunga ndama kwa kamba za majani ya namna hiyo hiyo, tena alizosokota mama huyu huyu, nilikuwa nimekwenda kununua katani na kuiita pambo. Nikacheka bila kutaka. Halafu nikaitazama mikono yake. Tangu msiba sikuwa nimeiona ikienda kwa kasi ile.

Aliipima kamba kwa mkono, akaguna. Haikutosha hata kumfunga mbuzi.

"Majani ni machache," alisema. "Haya mawili uyakate vipande, uvichomeke pale uani, mstari mrefu."

"Mama, yatachukua miezi mingi kukua."

"Najua. Nitakuwa nayamwagilia kila asubuhi."

Nami, mjuzi wa mimea, sikumwambia kwamba hayahitaji maji ya kila siku.