Maikrofoni Tatu za Aglaia

Kwa miaka thelathini na moja Aglaia alikaa ndani ya kishimo kwenye ukingo wa jukwaa letu hapa mjini Brăila, kitabu cha mchezo mapajani, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Watazamaji hawakumsikia kamwe. Mimi nilimsikia, kwa kuwa nilikuwa fundi wa sauti, na maikrofoni za jukwaani ziliunasa ule mnong'ono na kuuleta masikioni mwangu. Nakiri niliupenda kuliko michezo yenyewe.

Siku hizi mikono yake inatetemeka, kalamu haishikiki, na sauti inapungua kila mwezi. Alitaka aseme na kompyuta imwandikie barua kwa dada yake Smaranda. Hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao, mwaka wa kumi na moja huu. Nilijitolea kumwandikia.

"Wewe?" alisema. "Niombe radhi kwa mkono wako? Acha hizo, Doru. Niletee maikrofoni, tena upesi, kabla hii sauti haijaniaga."

Nikampelekea ile yangu kubwa ya mezani, ninayoringa nayo. Ulikuwa mchana wa Juni, miti ya barabarani imechanua, na harufu yake tamu ilipenya hata dirisha lililofungwa, nikawa kama ninayeelea. Maikrofoni ikamkosa Aglaia, ikaokota friji na njiwa.

"Paza sauti kidogo," nikamwambia.

"Ningekuwa nayo ya kupaza, ningekuita wewe?"

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kubana kwenye kola. Hiyo ingefaa, ila jirani yake Safta aliingia na skafu ya sufu.

"Ee Doru, huna akili? Mgonjwa wa sauti unamwacha shingo wazi! Upepo ukipita hapa, keshokutwa tunamzika!"

Akamzungushia skafu, maikrofoni ikazikwa humo. Kwetu hakuna anayebishana na hofu ya upepo upitao ndani ya nyumba, ati unaua, hata jasho likitutiririka. Kompyuta ilisikia sufu tu.

Ya tatu ilikuwa ya kuvaa kichwani, yenye mkono mwembamba unaofika pembeni mwa mdomo. Niliiweka umbali wa vidole viwili, kando kidogo ili pumzi isiipige. "Sema kwa sauti yako ileile," nikamwambia. Maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta, safi kabisa: *Smaranda, siku ile ya mazishi sikuja kwa sababu.* Yakaishia hapo. Akarudia, yakaishia palepale. Nilibadilisha waya, nikagusa kila kitufe, nikamtukana aliyeitengeneza. Mwishowe nikavaa vipokea sauti vyangu vya zamani, nikafumba macho.

Nilisikia kimya. Aglaia alikuwa hasemi. Kazi yake ilikuwa kutoa maneno mawili matatu ya mwanzo, kisha kunyamaza ili mwigizaji amalizie. Sentensi ya mtu hakuwahi kuimaliza.

"Maikrofoni haina kosa," nikamwambia. "Unamngoja nani?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku ya mazishi kulikuwa na mchezo, naye alimwambia kila mtu kwamba bila yeye pazia lisingefunguka. Mji mzima uliamini. Lakini jioni ile hakuna aliyesahau neno hata moja, na masikioni mwangu nilisikia kilio chake tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikuwahi kumwambia kwamba nilimsikia.

"Sikuja kwa sababu," akaanza tena, akatulia.

Njiwa walikuwa wakilia nje. Neno alilolitafuta nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, nikaung'ata ulimi huo ili aimalize mwenyewe.

"Kwa sababu niliogopa," akasema. "Niliogopa kumwona mama amelala vile. Mchezo ulikuwa kisingizio."

Kompyuta ikaandika yote. Aliyasoma maneno yake hadi mwisho.

"Doru," akasema, "sasa nenda. Yaliyobaki ni yangu na Smaranda."

Nikavua vipokea sauti, nikatoka, nikafunga mlango polepole ili upepo usipite.