Punda wa Kyule Hawahesabiwi

Kyule wa Matinyani amebeba maji kwa punda tangu kabla simu hazijafika kwetu, na ukimuuliza ana punda wangapi atakujibu, "Wako wa kutosha." Si kwamba hajui. Alilelewa akiambiwa kiumbe chenye uhai hakihesabiwi, awe ng'ombe au mtoto, maana ukihesabu unaita balaa lije lipunguze. Mimi nimeokoka na sishiki mambo hayo, lakini nilimheshimu, mpaka tulipokaa dawati moja.

Kisa kilikuwa kisima. Kilichimbwa kipya, cha pampu, na siku kitakapoanza kutoa maji nani atamwita tena mtu wa punda? Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuendesha hiyo pampu, na kamati ikatangaza mtihani wa hisabati: maswali kumi, asilimia sitini ndiyo kupita. Kyule akajiunga na ngumbaru, darasa letu la watu wazima linalofundishwa kanisani na Mwalimu Nzilani. Mimi, fundi wa cherehani, nami nikaenda, kwa tamaa tu.

"Tuseme idadi ya punda ni x," Nzilani alianza siku ya kwanza. Kyule akainua uso kama mtu aliyesikia jina lake redioni. Kumbe kuna herufi ya kusimama mahali pa idadi bila kuitaja. Akaipenda aljebra papo hapo. Alijumlisha x, akazidisha x, akaihamisha ng'ambo na kubadilisha alama, mimi nikiwa bado natafuta raba. Uwiano haukumsumbua, dawa ya maji aliipima kama mkewe anavyochanganya muthokoi, mahindi vikombe viwili kwa kimoja cha maharagwe. Asilimia zilimtoa jasho, ila hizo zilitutoa jasho sote. Shida yake hasa ilikuwa mstari wa mwisho.

"Mzee, mbona umeachia hapa? 5x ni 20. Sasa x ni ngapi?"

"Ni wale punda, Mwalimu."

"Wangapi?"

"Si uliandika ni x? Wacha wakae hivyo."

Magunia ya ndengu aliyahesabu bila taabu, na mitungi pia. Swali likiwa na mbuzi au watoto, alifika mlangoni akaketi. Nzilani alimbembeleza, akamkaripia kwa adabu, na siku moja akatoka nje kupunga hewa. Nilikasirika mimi. Mtu apoteze riziki kwa sababu ya punda wa kitabuni, ambao hata majani hawali?

Wiki ya mwisho tulifundishwa alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Kyule alizitazama muda mrefu.

Mtihani ulisahihishwa mbele yetu na mwenyekiti wa kamati, Mzee Kaloki, Nzilani akiwa kando yake. Mimi nilipata thelathini, na hayo tuyaache. Kyule alikuwa na maswali matano sahihi. Manne ya asilimia yalikuwa yamemshinda. Likabaki la kumi, ambalo Kaloki alilitunga mwenyewe kwa kujivunia boma lake: kila mtoto wa mwenyekiti hutumia lita ishirini za maji kwa siku, na wote pamoja hutumia lita mia moja na arobaini. Je, ni watoto wangapi?

Kyule alikuwa ameandika: x > 6, tena x < 8.

"Hili si jibu," Kaloki akasema. "Mimi niliuliza wangapi."

"Ni jibu, Mzee," Nzilani akamtetea. "Hakuna nusu mtoto. Hapo katikati kuna namba moja tu."

"Basi aitaje. Kyule, sema tu hiyo namba, na kazi ni yako."

Moyo uliniuma. Nilimwombea aseme, Mungu angemsamehe. Kyule akavua kofia.

"Mzee, hao ni watoto wako. Mimi siwezi."

"Ni saba," Kaloki akafoka. "Saba. Kuna ugumu gani?"

"Ni wewe umesema," Kyule akajibu kwa upole.

Kaloki aliitazama ile karatasi, akaweka alama ya vema, akaandika asilimia sitini, akamkabidhi Kyule funguo za pampu. Kisha akatoka nje na simu sikioni. Nilimsikia akimuuliza mkewe kama watoto wamefika kutoka shuleni.

"Wote?" akauliza. "Una hakika ni wote?"