Rudisha Yale Maji

Jumamosi nilikuwa saluni moja ya mtaa wa Malvern, huku ugenini, nikisubiri zamu yangu. Mteja aliyekuwa kitini alikuwa ametoka kutembea Italia, na simu yake haikutulia, picha baada ya picha: kanisa, magofu, mnara. Msusi, mama wa Bukavu, aliitikia tu "eish" huku vidole vikisuka. Ghafla vikasimama.

"Rudisha nyuma, dada. Yale maji."

"Hilo ziwa tu. Tulilipita kwa basi."

Msusi akaisogelea picha: vilima, na nyumba zilizoshuka mpaka majini.

"Watu wanapanda ndege juu ya kuangalia hivi? Kwetu ziwa ilikuwa kwenye dirisha yangu kabisa. Na mimi nilikuwa nafunga pazia, eti jua itaharibu viti."

Nilipofika kwangu nilifungua pazia. Kuna ukuta wa jirani. Nikautazama vizuri, nani ajuaye, huenda nao siku moja nitaulilia.