Swali la Mlangoni

Kaka yangu anaziba matairi. Ndiyo kazi yake tangu hajaota ndevu, na kucha zake zimeshinda kila sabuni iliyowahi kuuzwa dukani. Wiki nzima gereji yake ni gereji. Siku ya ibada anazima kompresa, anafagia, anapanga matairi makuukuu kwa safu, na sisi tunakuja kukaa juu yake tukasali. Ndiyo, juu ya matairi. Mtaa mzima unatuita Watu wa Matairi, na mimi nimechoka kununa. Ninasuka nywele kwa riziki yangu, na hata wateja ninaowasuka huniuliza kama wiki hii mungu wetu amepata pancha. Namvuta nywele kidogo aliyeuliza, halafu tunaendelea.

Tuna jambo moja ambalo sijaliona kwingine. Kaka anasimama mlangoni, na kila anayeingia anamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Unamtaja mtu wako: wa mama yangu, wa mume wangu, wa jirani yangu yule. Asiye na mtu anasema "mgeni", na mmoja wetu anasimama kule ndani anasema, "Huyu ni wangu." Hapo amechukuliwa. Akiugua, wewe ndiye utakayekwenda. Akifiwa, wewe ndiye utakayekaa naye. Kaka alianzisha hilo baada ya mzee mmoja aliyekuwa akisali nasi kufa peke yake chumbani, nasi tusijue mpaka jirani alipotuambia. Aliona aibu sana siku ile, kaka yangu. Alisema haitatokea tena.

Kaka anaye mtoto mmoja, wa kiume. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo nimemlea mimi, katikati ya vitana na mafuta ya nywele. Mtaani wanamwita Profesa, kwa sababu tangu utotoni ukimuuliza saa atakueleza kwanza habari ya jua. Alipopata nafasi chuo kikuu kusomea shahada ya dini, kaka alidhani anakwenda kujifunza kuhubiri. Profesa akamwelewesha kwamba hapana, unasoma dini za watu wote kama daktari anavyosoma miili ya watu wote. Kaka akatikisa kichwa, akasema sawa, lakini kwa wateja aliendelea kusema anavyotaka yeye.

Mwaka wa pili Profesa alikuja nyumbani na mpango wa masomo yake mpaka kumaliza, alioupanga na mhadhiri wake, mama mmoja mpole wa miwani. Akaubandika ukutani juu ya meza ya kulia. Historia ya dini, falsafa ya dini, lugha ya kale ambayo hakuna anayeizungumza, mbinu za utafiti. Halafu masomo mawili ya dini zisizo za kwako. Hayo ni lazima, akasema, ili mtu asimalize chuo akiwa anaijua nyumba yao tu. La kwanza alichagua Ubudha. La pili liliandikwa "Vikundi vidogo vya ibada mjini."

"Vikundi vidogo kama sisi?" nikamuuliza.

"Aa, shangazi. Vingine."

Nikaliacha hapo. Mdomo wangu huu usio na breki, siku ile ukapata breki. Kaka yeye aliukariri ule mpango wote. Mtu analeta gurudumu, anaambiwa, "Muhula huu wameingia falsafa."

Basi siku moja nimempelekea kaka chakula gereji, tukaona gari linasimama na mama wa miwani anashuka. Akajitambulisha, kumbe mhadhiri mwenyewe. Hakujua sisi ni nani kwa Profesa. Alikuja kuomba ruhusa ya kuleta darasa lake litazame ibada yetu, na alitaja somo, na mimi na kaka tukatazamana, maana tulilijua lilipo ukutani.

"Msiwe na wasiwasi," akasema, "watakuwa na adabu. Wote ni wageni kwenu kabisa. Ndiyo masharti ya somo. Akiwemo wa dini hiyohiyo, kwake halihesabiki, itabidi asubiri jingine mwakani."

Kaka akauliza taratibu, "Nao wamesema wenyewe kwamba si wa huku?"

"Nilimuuliza kila mmoja dini ya kwao tulipokuwa tunapanga masomo. Wengine walisema hawana dini kabisa."

Kaka alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Akaendelea kuifuta, na ilikuwa imeshakauka zamani. Akamwambia karibuni.

Mama alipoondoka nikawaka. Nilitaka kupiga simu palepale, nimwambie yule mtoto maneno ambayo hata chuoni hayafundishwi. Kaka akanishika mkono. "Usimguse. Ameshapanga maisha yake. Tukimharibia, atapoteza mwaka."

"Amekukana, kaka."

"Amekana matairi," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Siku darasa lilipokuja nilifika mapema nikakuta jambo lililoniumiza kuliko yote. Kaka ameazima viti vya plastiki, vyeupe, vya kukodisha kwenye sherehe. Matairi yote ameyarundika nyuma na kuyafunika turubai. Amevaa koti ambalo sikumbuki mara ya mwisho lilivaliwa lini, na mikono ameiweka mfukoni. Wenzetu walinung'unika, wengine wakacheka, mimi nilishindwa hata kumsalimu vizuri. Mtu mzima anajificha kwenye gereji yake mwenyewe.

Basi la chuo likaja. Profesa hakuwa ameambiwa ni kikundi gani. Nilijua hivyo kwa namna alivyoshuka, miguu mizito, wa mwisho kabisa. Wenzake wakapita mlangoni mmoja mmoja. "Wewe ni wa nani?" "Mgeni." Ndani mtu anasimama, "Huyu ni wangu." Wakawa wanatabasamu, wakaandika vitu vyao. Mhadhiri alifurahi sana.

Zamu yake ikafika.

"Wewe ni wa nani?" kaka akamuuliza. Sauti ileile aliyowauliza wengine. Hakuongeza wala hakupunguza.

Mtoto niliyemfundisha kutembea akatazama vifungo vya koti la baba yake. "Mgeni."

Hakusimama mtu. Wote wale walimjua, walimbeba, walimpa pipi. Nani angesimama kumchukua mtoto ambaye mwenyewe yuko mlangoni? Mhadhiri akaanza kugeuka kutazama kuna nini. Nikasimama mimi. "Huyu ni wangu." Uso ulinichoma kama nimeiba kitu sokoni. Akaja akakaa karibu nami, hakunitazama.

Baada ya ibada wanafunzi walipewa nafasi ya kuuliza. Waliuliza mambo mazuri tu, sitawasema vibaya. Halafu binti mmoja akauliza, "Fundi, na wewe ni wa nani? Una familia humu?"

"Nina dada yangu yule," akasema kaka. "Na mtoto mmoja. Yuko chuo."

"Anasoma nini?"

"Dini."

Wakacheka kwa furaha. Mhadhiri akasema, "Chuo gani? Huenda tunamjua."

Kaka alikuwa bado ameficha mikono. "Hapana," akasema. "Hamumjui."

Profesa alikuwa anatazama viatu vyake. Nami nikangoja aseme neno moja tu, hata jina langu. Wakapanda basi. Kaka akasimama barabarani akalipungia basi lote kwa mkono mmoja, mpaka lilipokata kona, halafu akaanza kubeba viti.

Ibada iliyofuata matairi yalikuwa yamerudi mahali pake. Tulikuwa tumekaa tayari nilipomwona Profesa anakuja kwa miguu, shati jeupe, hana mkoba. Akafika mlangoni.

"Wewe ni wa nani?"

"Wako, baba."

"Ulisema mgeni."

"Nilisema."

Kaka akauliza, "Na lile somo?"

"Nimemwambia mhadhiri ukweli. Limefutwa. Wenzangu watamaliza, mimi nitabaki mwaka."

Nilidhani kaka atafurahi. Uso ulimshuka kabisa, akashika nguzo ya mlango. "Basi nimekukana bure," akasema.

Profesa akaanza kulia pale mlangoni, mwanaume mzima mwenye ndevu. Mimi nikasimama. "Namrudisha," nikasema, "nilimshika tu, mwenyewe si ndiye wewe hapo?"

"Hairudishwi," akasema kaka, bila ukali. "Ameshachukuliwa. Aende kwa shangazi yake."

Akaingia, akakaa kando yangu juu ya tairi, na suruali yake nzuri ikashika weusi. Ibada nzima kaka hakutazama upande wetu, na mara mbili alisahau maneno anayoyasema kila wiki. Tulipomaliza, watu wakitoka, alikuja na tambara lake akampa mwanawe ajifute. Halafu akamwambia ashike upande ule, wayarudishe matairi nyuma yanakokaa siku za kazi.